Soma sheria za kasino ya mtandaoni ukianzia kwenye kutoa: mwongozo kamili kwa wachezaji wa Lubumbashi

Pesa inayokwama kwenye kasino ya mtandaoni mara nyingi haikukwama siku ya kutoa. Ilikwama siku ya kujiandikisha, pale mtu alipobonyeza "J'accepte" bila kuteremsha ukurasa, akaandika jina analoitwa mtaani, akatumia namba ya simu ya kaka yake, kisha akachukua bonasi kwa sababu ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa. Siku ya kutoa anasomewa tu hukumu.

Kwa hiyo tutasoma kinyumenyume. Tovuti inataka uanze na bonasi, halafu michezo, halafu uweke pesa, na sheria uzikute ukiwa tayari umeshinda au umeshindwa. Wewe anza na ukurasa wa kutoa. Sheria hizi nyingi zilitungwa kwa kumfikiria mtu wa Ulaya mwenye kadi ya benki na bili ya maji kwa jina lake. Mtu wa Katuba au Kampemba anatoa kwa M-Pesa, Airtel Money, Orange Money au Afrimoney, ana kadi ya mpigakura mfukoni, na bili ya umeme ina jina la mwenye nyumba. Pengo kati ya watu hao wawili ndilo linalomeza pesa zetu nyingi.

Kabla ya yote: kusoma sheria hakugeuzi kasino kuwa kazi. Hesabu iko upande wa nyumba, na tutaipiga hapa chini kwa namba. Faida ya kusoma ni kwamba ukishinda unalipwa, na ukitaka kuondoka unaondoka na pesa yako. Kama hujatimiza miaka 18, achana nayo: siku ya kuonyesha kadi akaunti itafungwa, na ushindi wote utafutwa hata kama ulicheza bila hila yoyote.

Hatua ya 1: Jua unacheza na nani

Teremka mpaka chini kabisa ya tovuti. Pale kwenye maandishi madogo ya kijivu panatakiwa kuwa na mambo matatu: jina la kampuni, namba ya leseni, na mamlaka iliyotoa leseni hiyo. Bonyeza nembo ya leseni. Ikiwa ni ya kweli, itakupeleka kwenye tovuti ya mamlaka yenyewe, na hapo utaona jina la kampuni pamoja na anwani ya tovuti unayotaka kuchezea. Ikiwa nembo ni picha tu isiyofunguka, au inafungua ukurasa wa kasino ileile, usiendelee. Linganisha pia jina la kampuni na lile lililo kwenye "Conditions générales". Yakitofautiana, hujui utamdai nani.

Utakutana zaidi na leseni za Malta, Curaçao na Anjouan. Ya Malta ndiyo ngumu kuipata kati ya hizo, na mamlaka yake ina rejista ya wazi pamoja na kitengo kinachopokea malalamiko ya wachezaji. Curaçao ilikuwa na sifa mbaya kwa miaka mingi, kwa sababu kampuni chache zilishika leseni mama na kugawa leseni ndogo kwa wengine. Sheria yao mpya, inayojulikana kwa kifupi kama LOK, ilianza kutumika Desemba 2024, ikaondoa utaratibu huo na kuwataka wenye leseni wawe na msuluhishi huru. Kwa hiyo tovuti ya Curaçao ambayo bado inajitambulisha kwa leseni ndogo ya zamani haijasafisha nyumba yake. Anjouan ni Nzwani, kisiwa cha Komoro, kwa watu wenye lugha iliyo jirani kabisa na Kiswahili chetu, lakini ujirani huo hautakusaidia kudai pesa: leseni yake hupatikana kirahisi, na mchezaji ana mahali pachache pa kulalamikia.

Mimi huipa uzito tovuti yenye ofisi hapa mjini kuliko yenye leseni ya kisiwa cha mbali. Mtu anayeweza kuingia ofisini na kadi yake na karatasi zake, akaketi, akakataa kuondoka, ana nguvu ambayo barua pepe haina.

Ukiwa bado kwenye "Conditions générales", tafuta neno "Congo" katika orodha ya nchi zisizoruhusiwa. Angalia vizuri ni Kongo ipi, kwani tovuti nyingine huandika "Congo" peke yake, nyingine hutenganisha Kinshasa na Brazzaville. Ikiwa yetu imo, usifungue akaunti. Tovuti inaweza kabisa kukuacha ujiandikishe, kuchukua dola zako na kukuacha ucheze mwezi mzima, kisha ikukumbushe orodha hiyo siku unayoomba kutoa. Kupita kwa VPN, programu inayoficha nchi uliyopo, hakuondoi tatizo, kunaongeza la pili, maana VPN yenyewe mara nyingi imekatazwa kwenye sheria hizohizo.

Hatua ya 2: Fungua ukurasa wa kutoa kabla ya kuweka hata faranga moja

Usijaribu kusoma kurasa zote 30 kama gazeti. Kwenye simu, bonyeza vile vitone vitatu vya kivinjari, chagua kutafuta ndani ya ukurasa, na upitie maneno haya moja baada ya jingine: retrait, minimum, maximum, frais, délai, devise, inactif, vérification, mise, bonus. Kwa ukurasa wa Kiingereza tafuta withdrawal na wagering. Chukua daftari uandike unachokikuta.

Cha kwanza ni kiwango cha chini cha kutoa. Tovuti inaweza kupokea dola 1 lakini isitoe chini ya dola 10. Mtu aliyebakiwa na dola 7 hana njia ila kuendelea kucheza, na tunajua hizo 7 zinaelekea wapi.

Kinachofuata ni kiwango cha juu kwa siku, wiki na mwezi. Ukishinda dola 1,800 na sheria inasema dola 300 kwa wiki, utalipwa kwa wiki 6, na kwa wiki zote hizo salio linakaa mbele ya macho yako likikuita. Tena pochi yako ya simu nayo ina kikomo chake, kwa muamala mmoja na kwa salio lote, kulingana na jinsi ulivyosajiliwa. Uliza hicho nacho. Kuna malipo hurudi yalikotoka kwa sababu tu pochi ya mchezaji ilikuwa imejaa.

Halafu njia. Karibu kila kasino inataka pesa irudi kwa njia ileile iliyoingilia: umeweka kwa Airtel Money, utatoa kwa Airtel Money, kwa namba ileile. Hapo ndipo wanaowekewa na "wakala" wa WhatsApp hupotea. Pesa iliingia kutoka pochi ya mtu mwingine, na kwa sheria za tovuti hayo ni malipo ya mtu wa tatu, sababu tosha ya kufunga akaunti. Wanaotumia sarafu za kidijitali wana mtego wao: USDT ina mitandao zaidi ya mmoja, na ukiomba itumwe kwa mtandao unaoitwa TRC20 wakati anwani uliyoitoa ni ya mtandao mwingine, inaweza isirudi kamwe.

Sarafu ya akaunti huchaguliwa siku ya kujiandikisha, na tovuti nyingi haziruhusu kuibadilisha baadaye. Ukiacha yuro iliyowekwa tayari, huku pochi yako ikiwa na dola na faranga, kila uwekaji na kila utoaji utapita kwenye kubadilishwa, na kila mara kuna anayekata chake. Chagua dola kama unaweka dola. Na usisahau kwamba dola za kwenye simu bado zitapita kwa mwenye kabine, kile kibanda cha kutolea pesa ya simu: ana noti leo? Atakupa zenye mpasuko ambazo hakuna duka litakalozipokea? Hilo halimo kwenye sheria za kasino yoyote, ila limo kwenye hesabu yako.

Tafuta pia kama pesa uliyoweka lazima ichezwe kwanza, hata bila bonasi. Kucheza mara 1 ni kawaida, na sababu yake ni kuzuia watu wanaotumia kasino kusafisha pesa chafu. Mara 3 tayari ni mzigo: umeweka dola 50, lazima madau yako yafike dola 150 ndipo utoe, ama ukatwe asilimia fulani.

Mwisho, ada ya akaunti iliyolala. Baada ya miezi kadhaa bila kuingia, tovuti huanza kukata kidogokidogo. Ukimaliza kucheza, toa kila kitu.

Hatua ya 3: Jina, kadi na namba ya simu

Hii ndiyo hatua inayowakwamisha watu wetu kuliko zote, na ni ya bure kabisa kuirekebisha ikiwa utaishughulikia mapema.

Kasino hulinganisha majina manne: la akaunti, la kadi ya utambulisho, la pochi ya simu, na la karatasi ya anwani. Yote yanatakiwa kumtaja mtu mmoja. Sasa sisi tuna nom, postnom na prénom, urithi wa miaka ile Mobutu alipoweka kando majina ya Kikristo mwaka 1972, na fomu ya tovuti ina visanduku viwili tu. Mtu anaandika prénom na nom, postnom anaiacha. Kwenye pochi ya simu ameandikwa kwa nom na postnom, bila prénom. Kwa jicho la mfanyakazi wa Malta au Kupro, hao ni watu wawili tofauti. Andika yote matatu: nom na postnom kwenye kisanduku cha jina la familia, prénom kwenye kingine, kwa herufi zilezile za kwenye kadi. Ikiwa kadi ina kosa la herufi, fuata kosa hilo.

Laini ya simu ni shida kubwa zaidi. Wengi tulinunua laini barabarani ikiwa imeshawashwa. Jina lake hulijui mpaka ulione. Jambo la kufanya ni kwenda kwa mtu unayemwamini, aanze kukutumia faranga 500, asome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Mazungumzo yenyewe kwenye kabine huwa hivi:

"Yaya, uniangalilie hii namba iko na jina la nani."

"Iko na jina la mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Ile sijue. Weye njo ulinunua."

Ikiwa ni hivyo, nenda kwenye duka rasmi la kampuni ya simu na kadi yako, laini isajiliwe upya kwa jina lako, ndipo uitumie kuweka. Usiweke kwanza ukidhani utarekebisha baadaye. Kubadilisha jina la pochi baada ya kushinda kunaonekana kama umeinunua akaunti kwa mtu.

Kuhusu kadi: pasipoti ndiyo inayopita kirahisi. Leseni ya udereva mara nyingi inapita. Kadi ya mpigakura, ambayo hapa kwetu ndiyo kitambulisho cha kila kitu, haimo kwenye orodha ya tovuti nyingi za nje, na hata ikiwemo, kuna kadi za mwaka 2023 ambazo wino wake ulifutika mpaka picha ikabaki kivuli. Kama yako ni ya namna hiyo, omba nakala mpya kabla, au tafuta tovuti inayokubali kitambulisho kingine ulicho nacho. Piga picha mchana, karibu na dirisha, kadi ikiwa mezani, kona zote nne zikionekana, bila kidole juu ya namba.

Karatasi ya anwani nayo ina yake. Sheria husema bili isiyozidi miezi 3. Bili ya SNEL (umeme) au ya REGIDESO (maji) inakuja kwa jina la mwenye nyumba, na mwenye mita ya kulipia kabla hana bili kabisa. Njia iliyobaki ni cheti cha makazi, ile attestation de résidence ya komuni, au taarifa ya benki ikiwa una akaunti. Usikisie: uliza huduma ya wateja kwa maandishi kama wanakubali attestation, na jibu ulipige picha.

Usishangae ukiombwa na karatasi za chanzo cha pesa. Kongo iliwekwa Oktoba 2022 kwenye orodha ya kijivu ya GAFI, chombo cha kimataifa cha kupambana na usafishaji wa pesa chafu, na tangu hapo kampuni za malipo zina sababu ya kutukagua mara mbili. Tuma hati mwenyewe siku ya kwanza, kabla hujashinda chochote. Ukikataliwa mapema unapoteza nusu saa. Ukikataliwa baada ya kushinda, unapoteza ushindi.

Hatua ya 4: Bonasi, na hesabu yake

Ushauri wangu ni mfupi: ikatae. Karibu kila tovuti ina kisanduku cha kuondoa alama, au sehemu ya "sans bonus". Asiye na bonasi ana masharti machache, na maombi yake ya kutoa hupita upesi. Lakini najua wengi wataichukua, basi tuipige hesabu.

Tuseme unaweka dola 20, unapewa nyingine 20. Salio linasoma 40. Sharti linasema x35, yaani madau yako yafike mara 35 ya kiasi fulani. Swali la kwanza ni x35 ya nini. Ikiwa ni ya bonasi peke yake, 35 mara 20 ni dola 700 za madau kabla ya kutoa. Ikiwa ni ya bonasi pamoja na pesa uliyoweka, 35 mara 40 ni 1,400. Tofauti hiyo imefichwa ndani ya maneno mawili, "dépôt + bonus".

Sasa upande wa nyumba. Mashine ya sloti inayorudisha asilimia 96 inabaki na wastani wa senti 4 kwa kila dola inayochezwa. Kwa madau ya dola 700, wastani wa hasara ni dola 28, unabaki na 12 kati ya 40. Kwa madau ya 1,400, wastani wa hasara ni 56, na wewe ulikuwa na 40. Kwa wastani, basi, bonasi hiyo inaisha kabla sharti halijaisha. Wapo watakaopita, kwa sababu wastani si kila mtu, ila tovuti inaishi kwa wastani.

Kisha kuna muda, pengine siku 7 tu. Kwa dau la senti 20, dola 700 ni mizunguko 3,500. Kwa mizunguko 10 kwa dakika ni karibu saa 6 za kubonyeza bila kupumua, ukiwa na fofeti ya intaneti na umeme wa mtaa wako ulivyo.

Si kila mchezo unahesabiwa sawa. Sloti kwa kawaida ni asilimia 100, ruleti na blekjeki asilimia 10 au 5, meza za moja kwa moja, zile zenye mtu halisi kwenye video, mara nyingi sifuri. Mtu anayecheza ruleti kwa asilimia 10 ili kumaliza dola 700 anahitaji madau ya 7,000. Ruleti ya Ulaya ina vyumba 37 na nyumba inabaki na asilimia 2.7, yaani takriban dola 189 za hasara ya wastani ili kuokoa bonasi ya dola 20. Angalia pia Aviator, yule kandege anayepaa kwenye simu za nusu ya vijana wa mji huu: tovuti nyingi humweka kando kabisa ya bonasi, na kwenye nyingine kumchezea wakati bonasi iko hai kunafuta ushindi.

Ulizia bonasi yenyewe ni ya aina gani. Kuna inayoshikamana na pesa yako, zote mbili zikifungwa mpaka sharti liishe. Na kuna inayokaa nyuma: unacheza pesa yako kwanza, ukishinda mapema unaikana bonasi na kutoa chako. Ya pili ndiyo ya kuchagua kama huna budi. Mizunguko ya bure na bonasi isiyohitaji kuweka pesa zina dari la ushindi: ushinde dola 300 kwa bonasi yenye dari la dola 50, utalipwa 50, na 250 zinafutika bila kosa lako lolote.

Kwa kulinganisha tu, Uingereza imeweka sheria kwamba kuanzia Januari 2026 sharti la kuzungusha bonasi lisizidi mara 10. Ukiona x50 au x60 kwenye tovuti inayokutangazia hapa, jua huko kwingine isingeruhusiwa kutangaza hivyo.

Hatua ya 5: Mambo yanayofuta ushindi halali

La kwanza ni dau kubwa mno. Ukiwa na bonasi hai, sheria huweka dau la juu kabisa, mara nyingi dola au yuro 5. Mfumo hautakuzuia kuweka 10. Utakuacha ucheze, ushinde, uombe kutoa, kisha mkaguzi apekue historia na kukuta dau moja la 10 usiku wa manane. Hilo moja linatosha. Kwa hiyo ukichukua bonasi, tafuta "mise maximale", andika namba hiyo, ubaki chini yake mpaka mwisho. Kununua raundi ya ziada ndani ya sloti nako huhesabiwa kama dau.

La pili ni akaunti zaidi ya moja. Sheria husema mtu mmoja, nyumba moja, kifaa kimoja, anwani moja ya intaneti. Nyumba ya komuni ya Kenya au ya Kamalondo ina watu wanane na wi-fi moja, au simu moja inapita mikono mitatu. Kaka na mdogo wake wakifungua kila mmoja akaunti kwa simu moja, kompyuta ya kasino inaona mtu mmoja anayejificha. Anayetaka kucheza atumie simu yake na data yake, asichezee saiberi wala wi-fi ya chuo, na asiweke akaunti ya pili kwa sababu amesahau nywila ya kwanza. Aombe kurudishiwa ile ya kwanza.

La tatu ni kifungu cha "jeu irrégulier". Hicho kimeachwa kipana makusudi: kufunika nyekundu na nyeusi za ruleti kwa pamoja, kuruka kutoka dau kubwa hadi dogo mara tu baada ya kushinda, na mengine "kwa uamuzi wetu pekee". Maneno hayo ya mwisho yakijirudia kila aya, hiyo ni tovuti ya kuiacha. Na angalia sentensi moja karibu na mwisho inayosema toleo la Kiingereza ndilo linaloshinda zikitofautiana. Ulichokisoma kwa Kifaransa kinaweza kisikutetee, kwa hiyo namba zote za hatua ya 2 na ya 4 zihakikishe upande wa Kiingereza pia.

Programu za kutabiri kandege atadondoka wapi, zinazouzwa kwenye vikundi vya Telegram, ni wizi mtupu. Mbali na kuchukua pesa yako, zinaweza kukufungia akaunti kwa kutumia programu ya nje.

Hatua ya 6: Toa kidogo kabla ya kuweka kikubwa

Hati zako zikishakubaliwa, weka kiasi kidogo bila bonasi, cheza kinachotakiwa, kisha omba kutoa kiwango cha chini kabisa. Usifikirie faida hapo. Unapima bomba kama linapitisha maji: jina limekubalika, njia ya malipo inafanya kazi Kongo, muda walioahidi ni wa kweli. Tovuti isiyotoa dola 10 haitatoa 1,000.

Siku hiyohiyo piga picha za skrini za sheria, ukurasa wa bonasi na ukurasa wa kutoa, tarehe ikionekana. Sheria hubadilishwa, na toleo la siku uliyojiandikisha halibaki popote ila kwako. Ukurasa unaweza pia kuuhifadhi bure kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za mtandao, ambako hakuna atakayedai umeuhariri.

Hatua ya 7: Siku ya kutoa

Hakikisha hakuna bonasi hai kwenye akaunti. Omba kutoa asubuhi ya siku ya kazi, maana Ijumaa jioni maana yake ni Jumatatu. Ombi litakaa "en attente" kwa saa kadhaa au siku mbili, na wakati huo kitufe cha kulighairi kitakuwa hapo, kimepakwa rangi nzuri. Usikiguse. Uingereza ilikipiga marufuku mwaka 2021 kwa sababu ilijulikana wazi kinafanya nini: mtu anaghairi, anarudi kucheza, pesa inaisha. Kama tovuti ina sehemu ya kufunga ombi lisighairiwe, ibonyeze. Kisha toka kwenye akaunti.

Yeyote atakayekwambia utume kwanza pesa ili ushindi ufunguliwe, iwe anaiita kodi, ada ya uhakiki au dhamana, ni mwizi. Kasino halali inayokata ada huikata kwenye salio lenyewe. Haijalishi ana nembo gani kwenye picha yake ya WhatsApp.

Hatua ya 8: Ikikwama

Anza na mtu wa gumzo, lakini usimtukane, hana mamlaka ya kulipa. Mwulize maswali mawili tu: ni kifungu namba ngapi kinachozuia malipo, na ni hati gani inakosekana. Jibu lipige picha. Kisha andika barua pepe ya malalamiko kwa anwani iliyo kwenye sheria, ukitaja tarehe ya ombi, kiasi, namba ya muamala, na kile kifungu. Sentensi fupi za Kifaransa zinatosha. Usiandike barua tano kwa siku, kwa kuwa kwenye tovuti nyingine kila barua mpya inakurudisha nyuma ya foleni. Na salio usilicheze hata senti wakati malalamiko yanaendelea, kwani likiisha hakuna cha kudai.

Muda uliotajwa kwenye sheria ukipita bila jibu, nenda kwa mamlaka ya leseni au msuluhishi aliyetajwa. AskGamblers na Casino Guru, tovuti zinazopima kasino, nao hupokea malalamiko bure. Wanapata pesa kwa kutangaza kasino hizohizo, kwa hiyo usiwachukulie kama mahakama, lakini kasino inayojali jina lake huwajibu. Ambatanisha picha zako kwa mpangilio wa tarehe, bila hadithi ndefu. Kwa tovuti yenye ofisi mjini, chapisha karatasi hizo, nenda nazo nakala mbili, moja wakugongee muhuri wa kupokea.

Ukilalamika hadharani kwenye Facebook au kikundi cha WhatsApp, ndani ya saa chache atakuja mtu wa kujiita wakili au fundi wa mtandao, anayeweza "kuivunja" kasino na kurudisha pesa yako kwa malipo kidogo ya kuanzia. Anajua kiasi unachodai kwa sababu wewe mwenyewe umekiandika. Usimjibu, mzuie, na usimpe picha ya kadi yako.